Kihisi cha haidrojeni: kinavyonusa, kinavyodanganywa, kinavyokufa

Pita kwa mafundi wa betri Kibuye mjini Kisumu, au kwenye vibanda vya jua kali Nakuru, utakuta betri sita au nane za maji zimepangwa sakafuni zikichajiwa kwa pamoja, na dirisha la pekee limezibwa kwa kuhofia wezi. Zikikaribia kujaa huanza kutokota. Ule mtokoto si maji kuchemka. Ni umeme unaovunja maji kuwa haidrojeni na oksijeni, kwa sababu bamba za risasi zimeshiba na mkondo hauna kazi nyingine ya kufanya. Ile harufu inayochoma pua ni ukungu wa asidi. Haidrojeni yenyewe haina harufu, haina rangi, na ikiwaka mchana mwali wake karibu hauonekani.

Haidrojeni huwaka ikiwa hewani kwa kiasi cha kuanzia asilimia 4 hadi asilimia 75. Hakuna gesi ya jikoni yenye mwanya mpana hivyo. Cheche inayotosha kuiwasha ni ya milijuli 0.02 hivi, chini sana ya ile unayoisikia kidoleni ukivua sweta ya nailoni. Kwa hiyo koleo la chaja linalobanduliwa kabla swichi haijazimwa linatosha kabisa.

Kifaa cha kugundua gesi hiyo mafundi wa magari hukiita "sensa". Hapa nitaandika kihisi, nisikuchanganye na ile ya kuhesabu watu.

Hesabu kabla ya kununua chochote

Seli moja ya betri ya risasi, ikishajaa, hutoa lita 0.42 za haidrojeni kwa kila ampea-saa. Kipimo hicho ni cha usawa wa bahari na nyuzi 0. Sisi hatuko huko. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88. Nakuru, mita 1,850, ni kama 81. Gesi ileile hutanuka zaidi: kwa joto la nyuzi 25 Kisumu, ampea-saa moja inatoa takriban lita 0.52 kwa kila seli, na Nakuru takriban 0.57.

Betri ya volti 12 ina seli sita. Ikiwa imejaa na chaja bado inasukuma ampea 10, hiyo ni kama lita 30 kwa saa. Betri sita, lita 180. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5 kina lita 22,500, na asilimia 4 yake ni lita 900. Ukisema basi kuna saa tano za usalama, umesahau kwamba gesi hupanda. Ikijikusanya kwenye nusu mita ya juu, lita 180 zinatosha kuifikisha asilimia 4. Hiyo ni saa moja.

Kwa betri zilizofungwa mahali pamoja, kama zile za sola au za minara ya simu, kuna kanuni ya kimataifa, IEC 62485-2: hewa inayohitajika kwa saa, kwa mita za ujazo, ni 0.05 × idadi ya seli × mkondo wa gesi × ampea-saa ÷ 1,000. Mkondo wa gesi kwa betri za maji ni miliampea 5 kwa kila ampea-saa zikiwa zinashikiliwa tu, na 20 zikichajiwa kwa nguvu. Seli 24 za ampea-saa 200 zinadai mita za ujazo 4.8 kwa saa. Ongeza kwa joto na kwa mwinuko wa Nakuru, inafika 6.5 hivi. Zidisha kwa 28 upate ukubwa wa tundu: sentimita za mraba 182 chini, na nyingine 182 juu upande wa pili. Matundu mawili ya sentimita 14 kwa 13. Anza na hayo. Kihisi ni cha kukuambia kwamba matundu yameziba au feni imekufa. Si mbadala wa dirisha, na anayekuuzia kihisi kwa ajili ya chumba kisicho na tundu anakuuzia king'ora cha mazishi.

Hakuna kihisi kinachoona haidrojeni

Kila kihisi huona kitu kingine: waya umepata joto, kauri imepitisha umeme kwa urahisi, madini yamevimba, mkondo mdogo umepita kwenye asidi. Sisi ndio tunaotafsiri badiliko hilo kuwa "haidrojeni". Basi swali la kumuuliza muuzaji si "kinahisi hadi kiasi gani?" bali "ni nini kingine kinacholeta badiliko hilohilo, na ni nini kinacholizuia lisitokee?" Jibu la swali hilo hutofautiana kati ya kando ya ziwa, kwenye kibanda cha matatu na kwenye visima vya mvuke Olkaria.

Cha bei rahisi zaidi, ambacho wanafunzi na mafundi wengi hushika kwanza, ni MQ-8. Ndani kuna bomba dogo la kauri lililopakwa oksidi ya bati. Bati hapa ni madini laini yanayotiwa kwenye lehemu, si mabati ya paa. Katikati ya bomba kuna waya wa kupasha joto. Oksidi ikiwa na joto la nyuzi 200 hadi 400, oksijeni ya hewani hujibandika kwenye uso wa punje zake na kunyakua elektroni. Punje zinabaki na ngozi isiyo na elektroni, na umeme unapata shida kuvuka kutoka punje hadi punje. Haidrojeni ikifika, inaungana na ile oksijeni kuwa mvuke wa maji, elektroni zinarudi, na ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unashuka. Wazo hilo lilitoka Japani: Tetsuro Seiyama na wenzake walionyesha mwaka 1962 kwamba oksidi ya zinki huhisi gesi kwa njia hiyo, na mwaka huohuo Naoyoshi Taguchi akaomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati. Punje zikiwa ndogo kuliko nanomita 6 hivi, ile ngozi inameza punje nzima na kihisi kinakuwa chepesi mno kuhisi. Ndiyo sababu watengenezaji huzuia punje zisikue zikichomwa, na hutia pia paladiamu au platinamu kidogo ili kihisi kijibu haraka.

Sasa angalia udhaifu. Chochote kinachopenda oksijeni kitafanya kazi ileile: mvuke wa spiriti, thina ya rangi, kaboni monoksidi ya jiko la makaa, gesi ya kupikia. MQ-8 imetengenezwa ili ipendelee haidrojeni, lakini kupendelea si kutofautisha. Mvuke wa maji nao hushusha ukinzani, kwa hiyo jioni ya Kisumu baada ya mvua kihisi husoma "gesi" ambayo haipo. Na hewa nyembamba ya Nakuru ina oksijeni chache kwa kila lita, kwa hiyo hata ukinzani wa hewa safi si ule wa karatasi ya kiwandani, uliopimwa kwa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 65. Usinakili mstari wa hesabu kutoka kwa programu ya mtu mwingine. Mstari huo ni wa kihisi chake, hewa yake, mwinuko wake.

Halafu kuna silikoni, muuaji mkubwa kuliko wote. Ile gundi ya madirisha inayonuka siki ikikauka, dawa ya kung'arisha dashibodi ya matatu, hata mafuta fulani ya nywele, vyote hutoa mvuke wenye silikoni. Ukigusa uso wenye joto unageuka kuwa ganda jembamba la silika, yaani kioo. Kihisi hakilalamiki. Kinaendelea kusoma hewa safi siku zote, hata chumba kikijaa. Fundi anayeziba kasha la kihisi kwa silikoni ya dirishani ili vumbi lisiingie amekiua siku ileile.

Ushanga wa platinamu

Vifaa vya viwandani vya bei ya kati hutumia shanga mbili. Waya mwembamba wa platinamu umeviringishwa, ukafunikwa kwa alumina (kauri ya oksidi ya alumini) kama ushanga, na juu yake ukatiwa kichocheo cha kuharakisha kuungua, yaani paladiamu au platinamu. Mkondo unaupasha hadi nyuzi 500 hivi. Gesi inayowaka ikifika inaungua juu ya ushanga bila mwali, ushanga unapata joto zaidi, ukinzani wa platinamu unapanda. Ushanga wa pili hauna kichocheo, kazi yake ni kufuata joto na unyevu wa chumba tu. Wawili hao hukaa kwenye daraja la Wheatstone, mzunguko wa umeme unaolinganisha ukinzani, na tofauti yao ndiyo kipimo.

Ni kifaa kigumu, kinachosoma karibu kwa mstari mnyoofu hadi asilimia 4. Lakini kinaunguza gesi yoyote inayowaka, na kinahitaji oksijeni. Hapo ndipo mtego mbaya ulipo: gesi ikizidi sana, oksijeni haitoshi, ushanga unapoa, na mshale unarudi chini. Mtu anayefika amechelewa anaona namba ndogo na kuingia. Kwa hiyo kifaa cha aina hii lazima kishikilie king'ora kikishalia, kisikizime chenyewe namba inaposhuka. Silikoni hukiua vilevile. Mvuke wa risasi pia, jambo la kukumbuka kwa wanaoyeyusha bamba za betri kuukuu karibu na chumba cha kuchajia. Haidrojeni sulfidi, ile ya harufu ya yai viza, hukilewesha kwanza, kisha ikikaa sana hukimaliza.

Paladiamu

Kama kuna madini yaliyoumbwa kwa kazi hii ni paladiamu. Mwaka 1866 Thomas Graham, mkemia Mskoti, alionyesha kwamba inameza haidrojeni mamia ya mara ya ujazo wake. Namba inayotajwa ni 900. Molekuli ikigusa uso wake inavunjika kuwa atomu mbili, na atomu zinazama katikati ya madini. Madini yanavimba, na ukinzani wake wa umeme unapanda. Gesi ikiondoka, yanarudi.

Karibu yanarudi. Haidrojeni ikiwa kidogo, atomu zimetawanyika na kila kitu ni shwari. Ikizidi kiwango fulani, paladiamu inaingia hali ya pili iliyovimba kwa zaidi ya asilimia 3 kila upande. Kwenda na kurudi kati ya hali hizo mbili hakupiti njia moja, kwa hiyo kiwango kilekile cha gesi kinatoa namba mbili tofauti kutegemea kama inapanda au inashuka. Baada ya mizunguko mingi utando mwembamba unapasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Dawa yake ni kuchanganya. Fedha ya asilimia 20 na kitu, au nikeli ya kama asilimia 8 hadi 14, husukuma ile hali ya pili mbali hadi isitokee kwenye matumizi ya kawaida. Nikeli inapunguza kiasi cha gesi kinachomezwa, kwa hiyo kihisi kinakuwa kizito kidogo kuhisi lakini kinaishi. Huo ni ubadilishanaji mzuri. Mtu akikupa paladiamu tupu isiyochanganywa na kitu, iachie maabara.

Kuna namna nyingine ya kuitumia, iliyoelezwa na Ingemar Lundström na wenzake huko Uswidi mwaka 1975: lango la transista linatengenezwa kwa paladiamu. Atomu za haidrojeni zinapenya hadi mpaka wa chini, zinajipanga hapo kama tabaka la chaji, na volti ya kuwasha transista inabadilika. Kwa nyuzi 150 hivi inajibu haraka na kwa kiasi kidogo sana cha gesi.

Uzuri wa paladiamu ni kwamba haijali spiriti wala gesi ya kupikia. Ubaya ni kwamba salfa huifunga. Maeneo ya mvuke kama Olkaria na Menengai, ambako gesi inayotoka ardhini ni kaboni dioksidi kwa wingi, pamoja na haidrojeni sulfidi, haidrojeni na methani, paladiamu bila utando wa kuikinga haidumu. Kaboni monoksidi nayo hukalia uso wake na kuichelewesha.

Jambo la mwinuko linahusu hapa kuliko kwingine. Paladiamu haihesabu asilimia, inahesabu shinikizo la haidrojeni peke yake, na badiliko lake hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo hilo. Asilimia 1 pwani ni kilopaskali 1.01, Nakuru ni 0.81. Kipeuo cha pili cha 0.8 ni 0.89. Kifaa kilichorekebishwa Mombasa kikipelekwa Nakuru, badiliko linapungua kwa asilimia 10 au 11, na ukiligeuza kuwa asilimia ya gesi unasoma chini kwa moja ya tano. Kirekebishwe mahali kitakapofanya kazi.

Vingine, kwa kifupi

Vya kielektrokemia vina asidi ya salfuri ndani na elektrodi tatu zenye platinamu. Haidrojeni inatoa elektroni upande mmoja, oksijeni inazipokea upande wa pili, na mkondo ndio kipimo. Havili umeme, vinasoma viwango vidogo vizuri, na kwa kuwa gesi huingia kupitia kitundu chembamba, mwinuko hauvisumbui sana. Hukauka. Miaka miwili au mitatu, basi, na kwenye kasha lililo juani ni kabla ya hapo. Ndugu yao wa kaboni monoksidi ana tabia ya kuchekesha: huhisi haidrojeni pia, mara nyingi kwa asilimia 20 hadi 60 ya nguvu. King'ora cha kaboni monoksidi kikilia kwenye chumba cha betri kisicho na jiko wala jenereta, usikitupe kwa kudhani kimeharibika. Zima chaja kwanza.

Vya upitishaji joto havina kemia kabisa. Haidrojeni hubeba joto mara saba kuliko hewa, kwa hiyo waya uliopashwa unapoa haraka ikiwepo. Havihitaji oksijeni, havilishwi sumu na silikoni, vinasoma hadi asilimia 100. Haviaminiki chini ya nusu asilimia, na kaboni dioksidi huvivuta upande wa pili, kwa hiyo penye mvuke wa ardhini namba inaweza kudanganya kwa kushuka. Maabara hutenganisha gesi kwanza kwenye bomba refu kwa kutumia argoni, kisha ndipo hupima. Heliamu haifai hapo kwa sababu upitishaji wake uko karibu mno na wa haidrojeni.

Na ziko tepe zenye oksidi ya tungsteni na paladiamu kidogo, zinazogeuka buluu gesi ikigusa. Nzuri za kuzungushia maungio ya mabomba. Hazipigi kelele usiku.

Mahali pa kukiweka

Kila kitabu kinasema juu kabisa. Ni kweli, na si kweli yote. Haidrojeni safi ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, lakini ikishachanganyika kwa asilimia 1 hewa ile inakuwa nyepesi kwa asilimia 0.93 tu. Hewa isiyo na gesi inapata wepesi huohuo ikipashwa nyuzi tatu. Sasa fikiria mabati ya Kisumu saa nane mchana. Hewa iliyo chini yake ina joto zaidi ya ile ya sakafuni kwa nyuzi kumi au zaidi. Mchanganyiko dhaifu unaopanda unaweza kusimama chini ya tabaka hilo la joto na usifike kwenye kihisi kilichogongomelewa kwenye upau wa juu. Kwenye chumba cha mabati kisicho na dari weka viwili: kimoja karibu na kilele kwa ajili ya usiku, kingine kama mita moja juu ya betri, kando kidogo ili ukungu wa asidi usikipige moja kwa moja. Cha juu nacho kina tatizo lake, kwani MQ-8 imeandikiwa mwisho wa nyuzi 50. Dari la ubao linamaliza shida zote mbili, mradi lisiwe na mifuko kati ya mbao ambamo gesi itajificha.

Wavu wa chuma ulio mbele ya kihisi ndio unaozuia joto la ndani lisiwashe gesi ya nje. Usiutoboe, usiutoe. Kisumu wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku hujaa kwenye wavu huo hadi gesi isipite, kwa hiyo usiweke taa karibu, na pitisha brashi laini kila wiki msimu wao ukifika. Brashi kavu, bila dawa yoyote ya kupuliza.

Waya, chaja na stima inayopotea

Kipasha joto cha MQ-8 ni cha ohmu 31 kwenye volti 5, yaani miliampea 160. Usikilishe kupitia Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma kihisi, ikiwa imeunganishwa na betri ya volti 12. Kile kipunguza volti cha ubaoni kitaungua polepole, volti itayumba, na kipimo kitayumba nayo. Tumia kipunguza volti cha kubadili kinachotoa 5 kamili. Angalia rezista ndogo nyuma ya moduli: ikiandikwa 102 ni ohmu 1,000, ikiandikwa 103 ni ohmu 10,000. Hesabu ya ukinzani wa kihisi, yaani rezista × (volti 5 − volti ya kutoka) ÷ volti ya kutoka, inategemea namba hiyo, na nyingi hazina ile ya 10,000 inayopendekezwa. Ukitumia ESP32, kibao kingine cha aina hiyo, gawanya volti kwanza kwa rezista mbili, kwani pini yake haipendi zaidi ya 3.3.

Kihisi kipya kiwashwe saa 24 mfululizo kabla ya kuamini namba yoyote. Stima ikipotea na kurudi, kwa dakika chache kitaruka juu kana kwamba chumba kimejaa gesi, kisha kitatulia. Programu ipuuze king'ora kwa dakika tano hizo, lakini feni izunguke na chaja ibaki imezimwa hadi ziishe.

Rilei ya chaja, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ifungwe kwa namna kwamba ikiwa na umeme chaja inafanya kazi, na ikikosa umeme chaja inakatika. Waya ukikatwa na panya, upande ulio salama ndio unaoshinda. Rilei na swichi zikae nje ya chumba au chini karibu na sakafu, na feni isukume hewa safi ndani kutoka chini badala ya kuvuta gesi ipite kwenye mota yenye brashi za kaboni. Programu iangalie pia namba iliyo chini mno. Hewa safi haisomi sifuri. Kihisi kinachosoma sifuri kimekatika.

Vizingiti: sehemu 4,000 kwa milioni, yaani moja ya kumi ya kiwango cha kuwaka, feni iende kasi na taa iwake. Sehemu 10,000, robo ya kiwango hicho, chaja ikatwe. Hapo ndipo MQ-8 inapoishia, kwa hiyo usiiombe ikuambie asilimia 2.

Kukijaribu kwa mtungi

Kukipulizia kiberiti cha gesi hakuthibitishi chochote isipokuwa kwamba waya una joto. Gesi ile ni butani, kihisi cha paladiamu hakitajibu kabisa, na ule wingi wa gesi unaweza kuharibu ushanga wa platinamu.

Tafuta mtungi mgumu wa maji ya kunywa, ule wa lita 18.9, ukaushe kabisa. Sindano ya mililita 60 utapata duka la dawa za mifugo. Koroga vijiko viwili vya magadi kwenye lita moja ya maji. Usitumie chumvi, itakutolea klorini. Waya wa hasi uwe chuma kisichoshika kutu, wa chanya risasi ya penseli, viwe mbali kwa sentimita kadhaa, na umeme utoke kwenye chaja ya simu ya volti 5 ukipitia maltimita. Sogeza au tenganisha waya hadi usome nusu ampea. Kata kichwa cha chupa ya plastiki, kifunike kama faneli juu ya waya wa hasi peke yake, na uunganishe mdomo wake na sindano kwa mrija wa dripu. Kila kitu kijae maji ya magadi kwanza ili kisibaki na hewa.

Kwa nusu ampea Kisumu utapata mililita 4.3 hivi kwa dakika. Mililita 19 kwenye mtungi ni sehemu 1,000 kwa milioni, 38 ni 2,000, na 76 ni 4,000, ambazo huchukua dakika 18 na sindano mbili. Fanya kazi hiyo nje, pasipo moto wala sigara, na ukizima umeme uzime ukutani, si kwa kuchomoa waya juu ya bakuli. Ndani ya mtungi hutafika hata nusu asilimia, kwa hiyo hapo hakuna kitakachowaka.

Ning'iniza kihisi ndani kikiwa tayari kimepashwa, waya zipite kwenye kizibo cha mpira, ingiza gesi, tikisa mtungi taratibu nusu dakika, na usome ndani ya dakika tano kwa sababu kihisi chenyewe huipunguza gesi kwa kuiunguza. Pitisha hewa safi, ngoja kirudi, kisha rudia kwa kiasi kingine. Chora namba tatu hizo kwenye karatasi yenye mizani ya logi pande zote mbili. Zikae karibu na mstari mnyoofu. Moja ikitoka nje sana, mtungi unavuja au mrija ulikuwa na hewa.

Rudia ile ya 4,000 kila miezi mitatu. Ukinzani wa kihisi kwenye gesi ile ukiwa umepanda hadi mara mbili ya ule wa mwanzo, kibadilishe hata kama hewa safi inasomeka sawasawa, kwa sababu hewa safi ndiyo namba ya mwisho kuharibika silikoni ikiingia. Andika namba ya kwanza na tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika upande wa ndani wa kifuniko cha kasha. Upande wa nje asidi itaila.